Ufunguo anao mmoja, fedha anazo mwingine: namna ya kulalamikia viti vya ukumbi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba, kumbi za hapa Mtwara hazilali. Watu wana hela mkononi, harusi zinapandana, vikundi vya ngoma na maigizo vinaitwa kila kona. Na malalamiko ya viti nayo ndipo yanapoanza. Kiti kimekatika mguu, mama wa watu yuko chini. Benchi halina mgongo. Waliokaa nyuma hawaoni kitu. Mtu ametoka kununua maji, hajarudi. Kesho yake kundi la WhatsApp la mtaa linawaka moto, na wa kwanza kuchambwa ni mtunza ukumbi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma na maigizo. Kukodi ukumbi ni kazi yangu, kukaa mlangoni ni kazi yangu, na kupanga viti kabla watu hawajaingia pia ni yangu, kwa hiyo lawama zote za makalio kuuma hupitia kwangu. Ukumbi sitautaja, maana kumbi nyingi za jamii zinafanana. Ninachotaka kusema ni kwamba lalamiko la kiti hufa mapema kwa sababu tunalipeleka kwa mtu ambaye hana uwezo wa kununua hata msumari.

Mtunza ukumbi wetu aliwahi kuniambia hivi, tena bila hasira, huku anafagia: "Dada yangu, mimi nimepewa ufunguo. Hela sijapewa." Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza ninapokodi ukumbi wowote ni hili: hela ya kukodi inaingia wapi? Jibu lake ndilo linalokuambia umwandikie nani.

Kama ukumbi ni wa halmashauri, utapewa namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu, na hela itakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri. Hairudi ukumbini mpaka ipangwe kwenye bajeti. Mtunza hawezi kuchomoa elfu kumi akanunue gundi, na akithubutu ni kosa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mapendekezo ya kata hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Ukilalamika Juni, umechelewa mwaka mzima, watakujibu kwa upole tu kwamba "tutaliangalia". Bahati nzuri ni kwamba wakati wa korosho, kumbi zikiwa zimejaa na watu wakiwa na uchungu na migongo yao, bado kuna nafasi ya kumfikia diwani na mtendaji wa kata kabla mipango haijafungwa. Peleka wakati huo.

Ukumbi ukiwa wa kijiji, njia ni fupi zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Mapato ya ukumbi nayo yasomwe. Mtaani vilevile, kuna mkutano mkuu wa mtaa. Ukumbi wa taasisi ya dini au wa chama cha siasa una kamati yake, na mara nyingi mweka hazina wake ni mtu unayesalimiana naye sokoni kila Jumamosi. Huyo hahitaji barua kali, anahitaji kukaa naye chini.

Lakini hata kwa huyo, andika. Ya mdomo ndiyo inayotupigisha danadana: mtunza anasema mwambie mwenyekiti, mwenyekiti anasema muone mtendaji, mtendaji yuko semina. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Usianze na "tumechoka na uongozi wenu mbovu", anza na hesabu: viti vilivyopo ni vingapi, vilivyopasuka mguu vingapi, vilivyokatika mgongo vingapi, mabenchi mangapi yanayumba. Halafu sema unachoomba na nani akifanye. Toa nakala mbili. Moja wachukue, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa, na tarehe, na sahihi. Nakala yenye muhuri ina miguu. Ukiingia nayo kwenye kikao baada ya miezi mitatu, hakuna atakayekuambia "hili ndiyo kwanza tunalisikia".

Kuhesabu huko kunataka uvijue viti vyenyewe. Viti vya plastiki ndivyo vimetawala kumbi zetu, na adui yake mkubwa ni jua. Mtu mnene anaonewa bure. Kiti kikirundikwa nje nyuma ya ukumbi kinapigwa na jua la pwani mwaka mzima, plastiki inakauka na kupoteza ule unyumbufu wake. Kigeuze miguu juu, tazama pale mguu unapoungana na kikalio. Ukiona mstari mweupe kama umekwaruzwa na chaki, ambao ukipitisha kidole haufutiki, hicho kimeshaanza kuchoka. Sukuma miguu miwili kwa nje kwa viganja: kikilia tiki, kitoe. Tena usikiweke pembeni "kwa dharura", maana ukumbi ukijaa mtu atakifuata tu. Kikate mguu mwenyewe au kipeleke kwa wanaonunua plastiki chakavu.

Sakafu nayo ina mchango wake. Kwenye vigae au saruji iliyosuguliwa ikang'aa, miguu ya kiti cha plastiki inatawanyika mtu akiegemea nyuma, hasa kwa wanaopenda kuyumbisha kiti. Ukumbini kwetu vijana walikata vipande vya tairi kuukuu wakavibandika chini ya miguu. Havipendezi, ila watu wameacha kuanguka.

Mabenchi ni habari nyingine. Mengi yalichongwa kwa mkutano wa saa moja, na mengine ni ya kuazima shuleni, yenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Mpira una dakika 90 na mapumziko katikati. Sisi tunamkalisha mtu saa tatu kwenye ubao mtupu, kisha tunashangaa igizo likifika penye utamu nusu ya ukumbi iko nje inaongea. Kama kuna hela ya fundi, mpe vipimo, usimwachie akisie. Kikalio kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi kutoka sakafuni na kina cha kama 40. Mgongo ulale nyuma kidogo, usisimame wima kama ukuta. Kila mtu umhesabie nusu mita ya upana, maana yake benchi la mita mbili ni la watu wanne. Wa tano mnayemsukumia hapo ndiye anayeleta ugomvi. Mkoa huu una mafundi wa kuchonga mpaka wanauza vinyago vya mpingo kwa wageni, hatuna sababu ya kukalia mbao zenye vibanzi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, tena halihitaji shilingi: namna ya kupanga.

Kumbi zetu nyingi zina sakafu bapa. Viti vinapangwa safu zilizonyooka, kiti nyuma ya kiti, kisogo mbele ya uso. Kwa hotuba sawa, sauti inafika. Lakini sindimba utaionaje? Sindimba ni kiuno na miguu, na mtu wa safu ya tano anachokiona ni vilemba vya akina mama waliomtangulia na kichwa cha mchezaji kinachopanda na kushuka. Anayefaidi kwenye ukumbi wa namna hiyo ni mcheza ngongoti peke yake, kwa kuwa yuko juu ya miti. Bibi mmoja alinivuta kanga mlangoni wakati anatoka kabla ngoma haijaisha, akaniambia, "Mjukuu wangu, nimelipa kuona ngoma, mmenionesha visogo." Nilimrudishia hela yake, akakataa kuipokea, akaondoka. Hilo lilinikera kuliko angenitukana.

Ngoma zetu hazikuzaliwa kutazamwa kutoka upande mmoja. Lipiko, yule mchezaji aliyevaa kinyago, akitoka, watu wanamzunguka, watoto wanakimbia na kurudi, wazee wana pao. Waliowahi kufika kwenye tamasha la MaKuYa, lenye jina la Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanajua ninachosema. Basi ukumbini tukaiga uwanja. Jukwaa tukaliachia wapiga vyombo, wachezaji wakashuka sakafuni. Mbele kabisa tukatandika mikeka ya watoto na wanaopenda kukaa chini. Nyuma yao mabenchi, nyuma ya mabenchi viti vya plastiki, na wanaotaka kusimama wakasimama ukutani, wote wamekunjika nusu duara. Kila kundi liko juu kidogo ya lililo mbele yake, bila kujenga ngazi hata moja.

Kama mpangilio wa safu hauepukiki, kwa mfano igizo linalohitaji pazia, basi viti vya safu ya pili vikae kwenye nafasi iliyo katikati ya viti viwili vya mbele. Mtu anatazama kati ya mabega mawili. Toka mgongo wa kiti mpaka mgongo wa kiti cha nyuma yake acha sentimita 90, magoti yapumue, na anayetaka kutoka asiwakanyage watu. Na uache njia katikati, pana ya kupitisha watu wawili. Mwenye kiti cha magurudumu umpe nafasi mwisho wa safu, karibu na wenzake aliokuja nao. Mazoea ya kumsukumia mbele kabisa chini ya spika ni mabaya. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ukumbi wa umma wenye ngazi tupu mlangoni unastahili barua yake peke yake.

Kuna jambo wengi wanalionea haya kulisema kwenye kikao: msiba. Viti vya ukumbi wa jamii ndivyo vinavyoazimwa mtaani mtu akifariki, na hakuna mtunza atakayemnyima mfiwa. Mimi mwenyewe nisingemnyima. Lakini viti vinatoka kwenye toroli usiku, vinakaa juani siku tatu, vinarudi pungufu, vingine vimechanganyika na vya jirani. Kwetu tulimaliza kwa rangi na daftari. Kila kiti kina namba chini ya kikalio. Anayechukua ni ndugu wa marehemu au mjumbe, anasaini idadi, na baada ya kumaliza matanga anarudisha yeye. Kikipotea, hadaiwi mfiwa siku ile, linapelekwa kwenye chama cha kuzikana. Mwanzoni mtunza aliona tunamchunguza, akanuna wiki nzima. Baadaye ikawa daftari hilo ndilo linalomwokoa kila anapoambiwa ameuza viti.

Sisemi viongozi wote ni watakatifu. Kuna dalili ambazo ukiziona acha upole. Hela inapokelewa mkononi bila risiti kwenye ukumbi wa halmashauri. Siku moja imeuzwa kwa watu wawili, nanyi mnakutana mlangoni, wao na keki ya harusi, ninyi na ngoma zenu. Mapato ya ukumbi hayasomwi mkutano baada ya mkutano. Hapo viti vibovu ni dalili tu, uliza risiti kwanza. Uliza mbele ya watu, kwa adabu, na nakala yako yenye muhuri iwe mkononi. Ila mtunza anayekesha kufuta vumbi kwa posho ya kuunga unga, huyo mwache. Ukitaka akupende mpelekee kopo la rangi na misumari.

Kuna moja limenishinda, nalo ni makochi ya mgeni rasmi. Kila shughuli yanatolewa ofisini, yanawekwa katikati mbele, na meza ya maua mbele yake. Mgeni anachelewa saa mbili, au hatokei. Sehemu nzuri kuliko zote inabaki wazi, imezuia watoto wa mikekani, na watu mia wanatazama ngoma kupitia maua ya plastiki. Nimeshajaribu kuyahamishia pembeni, pale nusu duara inapoishia. Kutoka pale anaona vizuri, naye akionekana anaonekana. Kamati imekubali kwa ngoma zetu, kwa harusi imekataa. Na meza ya maua bado wanaitaka.