Jibu: Archie Moore alishindaje Venice kwa chaki?

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje maandishi ya chaki ukutani yapewe Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora la taifa katika maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale, Italia, na huyu msanii Archie Moore ametokea wapi. Hakuzuka ghafla. Alizaliwa Toowoomba, Queensland, mwaka 1970. Kwa mama ni wa jamii za Kamilaroi na Bigambul, wenyeji wa asili wa Australia. Kwa baba ana damu ya Uingereza na Uskoti. Kabla ya Venice alishatengeneza manukato ya kumbukumbu zake, akajenga upya nyumba ya utotoni mwake ndani ya ukumbi wa maonyesho, na bendera zake 28 zikatundikwa uwanja wa ndege wa Sydney.

Sasa hiyo kazi ya 2024, *kith and kin*. Kuta na dari za banda la Australia zilikuwa nyeusi, na juu yake ameandika kwa mkono, kwa miezi kadhaa, nasaba ya jamaa zake inayorudi nyuma zaidi ya miaka 65,000. Kulikuwa na mapengo meusi: mauaji ya halaiki, magonjwa ya wakoloni, kumbukumbu zilizopotea. Katikati, juu ya maji, yalipangwa marundo ya ripoti za uchunguzi wa vifo vya wenyeji wa asili waliofia mikononi mwa polisi na magereza. Hapo ndipo kazi inapouma, kwa sababu marehemu hao nao ni ndugu kwenye nasaba ile ile. Chaki yenyewe hufutika kirahisi, na kwangu huo ndio uamuzi wake mzito kuliko yote.

Australia haikuwahi kushinda tuzo hiyo kabla yake.