Nguruwe aliyezaa watoto 13: je, binti zake watamfuata?

Swali: Nafuga nguruwe Masasi. Jike wangu mmoja amezaa watoto 13 katika uzao wake wa pili, ilhali wenzake huzaa 9. Hata hivyo watoto hawalingani: mkubwa ana kilo 1.7, mdogo hafiki gramu 800. Nataka kubakiza binti zake na kuwapandisha na kaka yao wa uzao wa kwanza, baba yao akiwa mmoja. Je, nitapata uzao mkubwa unaolingana?

Jibu: Ndugu mfugaji, idadi ya watoto kwa nguruwe hurithiwa kwa takriban asilimia 10 tu, tofauti nyingine baina ya jike na jike hutokana na lishe, umri, afya na wakati wa kupandishwa. Jike wako amewazidi wenzake kwa watoto 4. Asilimia 10 yake ni 0.4, na kwa kuwa mama humpa binti nusu ya vinasaba vyake, unabaki na 0.2, yaani mtoto mmoja wa ziada katika mizao mitano. Angekuwa ameonyesha ziada hiyo katika mizao mitatu, matarajio hayo yangeongezeka takriban maradufu, ndiyo maana daftari la banda lina thamani kuliko uzao mmoja wa bahati.

Kutolingana kunatoka tumboni. Watoto wakizidi, hugombea nafasi katika mji wa mimba, na aliyepata kondo dogo huzaliwa mdogo. Kwa hiyo anayechagua wingi peke yake huvuna na wanyonge. Denmaki waliliona hilo, wakaanza mwaka 2004 kuchagua kwa kuhesabu walio hai siku ya 5 badala ya wote waliozaliwa. Kipimo hicho hata wewe unaweza kukitumia, hakihitaji kompyuta. Ulinganifu nao hurithiwa kidogo sana, hivyo anza na chakula: jike anayeachishwa akiwa amekonda huandaa mayai yasiyolingana, basi usimpunguzie pumba na mashudu ya ufuta wakati ananyonyesha.

Kumpandisha kaka na dada nakukataza kabisa. Undugu wa karibu hupunguza idadi ya watoto na nguvu zao, na hasara yake itaimeza ile 0.2 mara moja. Tafuta dume wa ukoo mwingine. Dume haamui idadi ya mayai ya jike aliyempanda, lakini binti zake hubeba nusu ya vinasaba vyake. Basi kabla ya kuulizia bei, uliza mama yake alizaa wangapi na aliachisha wangapi. Chotara wa mbegu za Large White na Landrace kwa kawaida huwa mzazi bora kuliko jike wa mbegu moja.

Katika watoto hao 13, bakiza binti waliozaliwa wazito, wenye chuchu zisizopungua 14 zilizopangika vizuri. Yule asiyefika gramu 800, akipona, mnenepeshe umuuze.