Rozari ilifika fumbo la tano, mtoto hayuko

Kwetu rozari tunasalia nyumbani saa kumi na mbili jioni, giza likianza kuingia, na kila mtoto anayejua kusoma ana fumbo lake la kuongoza: mkubwa la kwanza, mapacha la pili na la tatu, wa nne la nne, wa tano la tano. Siku moja ya posho (jumamosi), karibu na Noeli, tumefika fumbo la tano, kimya. Nafungua macho nimkaripie, nadhani amesinzia kama kawaida yake. Hayuko. Tumesali mafumbo manne mazima, Salamu Maria arobaini, na mtoto tumemuacha kwa parokia.

Baba yao alikamata tochi akateremka mlima mbio bila hata kufunga viatu, mie nimebaki na sita wengine wanalia, maana hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, mtoto wa miaka saba kuwa nje giza limeshaingia si mambo ya kucheka. Akamkuta ameketi na sentineli (mlinzi) wa parokia wanakula mahindi ya kuchoma. Mtoto hana hata wasiwasi. Anauliza baba yake, "Mbona umekuja wewe, nilikuwa nangojea yaya amalize korale." Yaya ni dada yake mkubwa, na korale ni kwaya. Na yaya yake alikuwa amerudi zamani, akijua mdogo yuko na mie, na mie nikijua yuko na yaya.

Nimeanza na hiyo maana watu wengi wananiulizaka namna tunaweza kufundisha watoto saba nyumbani na tena wote wako kwa korale, kwa akolite (watumishi wa altare), kwa Xavéri (chama cha vijana wakatoliki), wanafikiri mie ni mama wa mpango sana. Hapana. Mpango ulikuja baada ya ile siku.

Kwanza niseme tulivyofika hapa, maana Bukavu ukisema watoto wako wanasomea nyumbani, watu wanadhani ni mambo ya Wazungu wa Marekani ama umekosa minerivali (pesa ya shule) na unaona haya. Sisi hatukuamka asubuhi moja tukaamua. Mwezi wa tatu 2020 masomo yalifungwa juu ya korona, mie nilisoma pedagojia na nina diplome yangu ambayo ilikuwa inakula vumbi chini ya mashine ya kushona, basi nikatundika tablo kwa ukuta wa salon (sebule), tukawa tunasikiliza masomo ya Radio Okapi na kuandika. Masomo yalipofunguliwa wakarudi, ila kalasi ya mapacha ilikuwa na watoto zaidi ya 90. Tangu elimu ya primary iwe bure mwaka 2019 watoto walijaa, na hiyo ni jambo zuri, siwezi kulilaumu, ila mwalimu mmoja na watoto 90 hata akiwa malaika hawezi kuona kwamba mmoja wa mapacha wangu anageuza b na d. Nikawatoa. Mwaka uliofuata nikawatoa wengine. Halafu ikaja vita ya mwezi wa pili 2025, masomo yakasimama, mji mzima watoto wakawa nyumbani, na majirani waliokuwa wananicheka wakaanza kuniletea wa kwao asubuhi, "mama, muache akae tu hapo nyuma ajifunze." Siku moja nilihesabu kumi na mmoja kwa salon.

Kuna mama mmoja wa shirika letu (jumuiya ndogo ya kikristu ya mtaani) aliniambia wazi mbele ya watu kwamba mukristu wa kweli anapeleka watoto kwa masista. Ile ilinichoma. Nikaenda kwa padri nimuulize kama niko kwa kosa, akafungua kitabu cha sheria za Kanisa, kanuni ya 798, inasema wazazi wawapeleke watoto kwa shule zinazotoa malezi ya kikatoliki, na wasipoweza basi wanalazimika kuhakikisha watoto wanapata malezi hayo nje ya shule. Akaniambia pia ule Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliita wazazi walimu wa kwanza wa watoto wao. Halafu akacheka akaniuliza, "Lakini unaweza?" Hilo swali bado ninalo.

Sasa mtego ni huu, na hakuna aliyenionya. Ukifundisha nyumbani, watu wote wanaamini watoto wako hawana kazi. Rais wa korale anapita saa nne asubuhi: "Mama, batoto benu si biko tu nyumbani, mutupatie mukubwa tufanye repetisio (mazoezi ya nyimbo) ya mazishi." Mama wa usafi wa kanisa anataka wawili wa kupiga deki siku ya alhamisi. Kuna misa ya yubilei ya sista fulani, wanataka akolite siku ya kazi, wa shule hawawezi, basi wa kwetu ndio wanaweza. Na mie nilikuwa nafurahi jamani! Nilikuwa naona ni sifa, nyumba yangu inahudumia Kanisa, na tena nilikuwa na hofu moyoni kwamba watoto wa nyumbani watakuwa waoga, hawajui watu, kwa hiyo kila kitu kilichokuja nilisema ndiyo. Jumatatu korale, jumanne Xavéri, jumatano akolite, alhamisi usafi, ijumaa njia ya msalaba kama ni kwaresma, posho vyote pamoja na katekisimu na mpira, na kila kimoja na saa yake ya kuanza na saa yake ya kumaliza ambayo hakuna anayeifuata. Mwezi wa kumi na mbili nikafungua kayee (daftari) za wa nne, hesabu za kugawanya zilisimama tarehe 9 mwezi wa kumi.

Yaani mtoto alikuwa anajua nyimbo zote za Noeli kwa sauti mbili na hajui 84 kugawa kwa 6.

Jambo la kwanza tulilobadilisha baada ya kumsahau wa tano: asubuhi tuliifunga. Saa mbili mpaka saa sita hakuna mtoto anayetoka, hata kwa mazishi, isipokuwa marehemu ni wa ukoo ama wa shirika letu. Nilimwambia rais wa korale ahesabu watoto wangu kama wa shule, saa hizo hawapo. Alikasirika, wiki mbili hakunisalimia vizuri, baadaye akazoea. Wewe mama unayetaka kufundisha nyumbani, anza na hapo hata kabla ya kununua vitabu. Na usitoe maelezo mengi, ukieleza sana watu wanatafuta tundu.

La pili ni la baba yao, mie nilibisha. Alisema tusichague kazi ya kila mtoto, tuchague siku. Siku mbili tu kwa wiki nyumba nzima inateremka parokia, jumatano mchana na posho, na kitu kisichofanyika siku hizo mbili hakituhusu. Nikamwambia utawanyima watoto vipaji. Lakini ukikaa huku upande wa Kadutu unaelewa: kupanda na kushuka mlima na watoto saba, tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano mvua inanyesha mchana, matope, na ukichukua motari (pikipiki ya kukodi) ni safari mbili ama tatu juu hatuenei, pesa yenyewe tangu banki zifungwe juu ya vita ni ya kuhesabu. Kila safari uliyopunguza ni bugali umebakiza mezani. Alikuwa na haki, nimeshamwambia.

Basi mapacha walibaki na Xavéri. Hapo sikutaka hata kujadili, juu kile chama kilizaliwa hapahapa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe, baba yangu alikipitia, na kitu ambacho mie kwa salon siwezi kuwafundisha, yaani kuongoza wenzao, kupiga kambi, kugombana na kupatana bila mama kuingilia, kule wanakipata. Wa nne akolite. Mkubwa korale. Wa tano na wa sita katekisimu tu, komunio ya kwanza inawatosha, hawahitaji tena kingine na mtu asikudanganye kwamba mtoto wa miaka minane anahitaji vitu vinne. Kitinda mimba anafuata mgongo wangu.

Kuna kitu kingine hatukukitegemea: zile kazi za parokia zinaweza kuingia kwa masomo badala ya kuyala. Mkubwa ananakili nyimbo za kifaransa, hiyo ni diktee (imla). Wa nne alisoma masomo ya misa ya siku na kutafuta kwa ramani miji ya mtume Paulo. Alipotangazwa mwenyeheri Floribert Bwana Chui, yule kijana wa Goma aliyekuwa anakagua chakula mpakani akauawa juu alikataa rushwa, huko Roma tarehe 15 Juni 2025, wiki nzima tulisomea habari yake, wadogo wanachora mpaka na malori, wakubwa wanaandika kwa nini mtu akatae kupitisha chakula kilichooza hata akipewa pesa, na baba yao akawatungia hesabu za tani na za kodi. Somo moja, watoto sita, umri tofauti. Ukijaribu kufundisha kila mmoja kalasi yake peke yake toka asubuhi, utakufa, nakuambia.

Mwaka wa mtihani ni sheria nyingine. Mapacha wako mwaka wa sita, kwa hiyo mwaka huu tuliwaandikisha kwa shule ya jirani ili wafanye ENAFEP (mtihani wa taifa wa kumaliza primary) kama wengine, dada yao tulimfanyia vilevile. Usingojee mwezi wa tano ndipo uanze kuzunguka na karatasi, ongea na direkta mapema, mwezi wa tisa uwe umemaliza. Kwa Examen d'État (mtihani wa kumaliza sekondari) njia ya otodidakte, yaani aliyejisomea mwenyewe, ipo, huyo mkubwa bado ana miaka, tutaona. Toka Pasaka mpaka mtihani mapacha wanaacha kambi na mpira, wanabaki na misa tu. Walilia. Wacha walie.

Sitaki kusema yote yamekaa sawa. Mkubwa anataka basketi, na kikundi cha wasichana kiko mbali, siku ya alhamisi, wanamaliza giza. Nimesema hapana mara tatu. Ana miaka 14, mrefu, anacheza vizuri kuliko ndugu zake wavulana, na kila alhamisi saa tisa anaosha vyombo kwa kelele ili nisikie. Baba yake anasema labda kiangazi, mvua ikipungua, amsindikize yeye mwenyewe. Mie bado sijajibu, nasikia vile vyombo na mimi ni mama, nilikuwa msichana pia, na nilikatazwa vitu.

Na usisahau kazi za nyumbani, juu kuna wazazi wanapeleka mtoto karate, gitaa, kuogelea, na hajui kuwasha makaa. Kwetu kuchota maji kwa robine (bomba), kuchambua maharage, kutengeneza sambaza (samaki wadogo wa ziwa), hivyo viko kwa mpango pamoja na hesabu, na wavulana wanafanya kama wasichana, bibi yao hapendi lakini amenyamaza.

Kuhusu kuhesabu watoto, ile kazi tumempa wa tano mwenyewe, aliomba. Jumatano na posho saa kumi na moja kasoro anasimama kwa mlango wa parokia na rozari yake mkononi, kila mmoja akipita anasogeza chembe moja, na hakuna anayepanda mlima mpaka chembe saba zimepita, yeye mwenyewe akiwa ndani. Wiki iliyopita zilikuwa nane. Alikataa katakata tuondoke, akasema kuna mtu hapa si wetu, kumbe ni mtoto wa jirani ameingia kwa mustari juu alisikia jioni kwetu kuna sombe (kisamvu).