Nimeokoka, ila hela za lumbesa bado ninazo

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mi nanunua mahindi vijijini huku Kongwa nauza Kibaigwa sokoni. Miaka yote nimenunua kwa lumbesa, gunia linajazwa af linaongezewa kipande juu ndo linashonwa, linafika hata kilo 120, mkulima namlipa gunia moja, mimi nauza kwa kilo. Mwaka huu nimeokoka kwenye mkutano wa injili na lumbesa nimeacha kabisa. Ila kuna mzee mmoja nilimuumiza sana mwaka wa njaa, kila nikimuona moyo unanidunda. Mwenzangu kanisani anasema ya kale yamepita, nisijitese. Je, toba yangu imekamilika?
Mnunuzi, Kibaigwa

JIBU: Amina ndugu yangu, na hongera kwa kuacha, maana wengine Jumapili wanalia madhabahuni, Jumatatu sindano ya kushonea magunia iko mkononi tena.

Mwenzako mstari kaupata, ni 2 Wakorintho 5:17, ila sidhani kama Paulo aliuandika ili mzee wa watu asirudishiwe chake. Msome Zakayo, Luka 19. Mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri. Yesu hakumwambia kalipe kwanza ndo nije kwako, alimwambia ashuke mtini akaingia kwake hivyohivyo na watu wakanung'unika weee, ndipo Zakayo mwenyewe, bila kudaiwa na mtu, akasema nusu ya mali nawapa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Kwa hiyo kulipa hakununui msamaha, ila aliyesamehewa hela ya mwenzake inaanza kumuwasha mfukoni. Huko kudunda usikukemee kama pepo.

Kiasi gani? Torati ilisema mwizi wa kondoo akishamchinja au kumuuza alipe kondoo wanne (Kutoka 22:1), ila anayekiri makosa yake, Hesabu 5:7, anarudisha yote na kuongeza sehemu ya tano. Yaani kama mzee ulimpunja laki moja, unampelekea laki na ishirini. Sikuwekei sheria, nakupa pa kuanzia tu, na mambo ya vipimo wewe unayajua kuliko mimi (na unajua pia sheria ya nchi haitaki gunia lizidi kilo 100, tuyaache).

Sasa namna ya kwenda. Mfalme Sauli alimwambia Samweli nimekosa, af hapohapo akamuomba amheshimu mbele ya wazee wa watu, 1 Samweli 15. Ila mfalme Daudi, nabii Nathani alipomwambia wewe ndiwe mtu huyo mwenye kosa (2 Samweli 12), akasema nimemfanyia Bwana dhambi, basi, habari za wazee hakuzigusa. Kwa hiyo usiende na kwaya wala mtu wa kurekodi na simu, na Jumapili usisimame kushuhudia ulivyolipa. Nenda kwa mzee, mwamkie, mwambie nilikuwa nakupunja kwenye gunia, hizi hapa. Usianze na "kama nilikukwaza", ulimkwaza bwana, magunia unayajua. Anaweza kukutukana, anaweza kuita kijiji kizima wakaja na madai yao, vumilia, na kama hela hazitoshi lipa kidogokidogo kila msimu.

Wale waliofariki bila ndugu, Hesabu 5:8 iliwaona, malipo yao yalienda kwa kuhani, na leo hayo, pamoja na ya wale usiowakumbuka, unaweza kuwapa maskini. Ila usianzie huko! Kutumbukiza bahasha kwenye kapu la sadaka ni rahisi kuliko kumtazama yule mzee usoni, na nahisi hata wewe ushaliwaza hilo.

SWALI: Nilitubu pamoja na wenzangu, wao walilia mpaka wakaanguka, mi sikutoa hata chozi. Je, toba yangu feki?
Dada wa Mpwapwa

JIBU: Dada, Esau alitafuta baraka kwa machozi na hakuipata, Waebrania 12:17. Watu waliomwendea Yohana Mbatizaji, Luka 3, waliuliza tufanye nini, wenye kanzu mbili wakaambiwa wagawe, watoza ushuru wasizidishe, askari watosheke na mshahara wao. Hakuna aliyeambiwa alie. Ila barua yako yote inaongelea machozi, hukuandika umeacha nini tangu siku ile. Tuandikie hilo, tutajua pa kuanzia.