Mchanga wa Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ditekta Ufukoni

Safari hii maswali yote yanahusu jambo moja: kifaa cha kutambua metali, ambacho wengi wenu mnakiita ditekta, na fukwe za Uingereza. Aliyewahi kuniona Jumapili asubuhi nimeinama mchangani na masikio yangu yamezibwa na hedifoni ataelewa kwa nini nimeyajibu kwa furaha.

Shikamoo. Nimenunua ditekta ya mtumba, naishi Southampton. Naambiwa fukwe za umma ni za wote. Bado nahitaji ruhusa? — Kijana wa Temeke

Marahaba, mwanangu. Ufuko unaweza kuwa wazi kwa kila mtu na bado ukawa na mwenyewe. Neno letu "pwani" linatokana na kupwa: ni pale maji yanapofunika yakijaa na kupaacha wazi yakipwa. Wazungu nao wameigawa bahari yao hapo hapo. Ukanda huo wa kujaa na kupwa, karibu nusu yake katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, uko chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia mali za ufalme. Zamani uliomba kibali chao mtandaoni, bila malipo. Kibali hicho walikwisha kukifuta. Sasa wametoa ruhusa ya jumla kwa kila mtu, mradi afuate masharti yao, na wana ramani kwenye tovuti yao inayoonyesha pwani ipi ni yao.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye kazi. Ipo ya halmashauri, ya Wizara ya Ulinzi, ya Duchy of Cornwall na Duchy of Lancaster (milki za familia ya kifalme), na ya watu binafsi. Ipo pia ya National Trust, shirika la kuhifadhi maeneo ya kihistoria na ya asili, na hawa kwa kawaida hawaruhusu ditekta kabisa isipokuwa ndani ya mradi wa wanaakiolojia. Halafu kuna mchanga mkavu wa juu, pale watu wanapotandika mataulo, ambao bahari haiufikii. Huo mara nyingi ni wa halmashauri, na kila halmashauri ina sheria zake ndogo. Kwa hiyo unaweza kutoka kwenye maji ukiwa halali, ukapanda hatua kumi kufuata mlio, ukawa mvunja sheria bila kujua.

Nenda hivi: tafuta kwenye ramani mwenye ufuko unaoutaka, kisha mwandikie barua pepe. Taja jina la ufuko, siku na saa, sema utachimba kwa kikoleo cha mkono na kufukia kila shimo. Jibu likija, lichape uwe nalo mfukoni. Ruhusa ya simu haina shahidi. Mimi niliwahi kuruhusiwa kwa mdomo na ofisi moja, nikafukuzwa na mtu wa ofisi hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana.

Je, kuna mahali ambapo hata nikiomba sitapewa? — Msomaji, Luton

Kwenye eneo la kumbukumbu za kale linalolindwa, sheria ya 1979 inafanya hata kutumia ditekta kuwa kosa, achilia mbali kuchimba, ukikosa idhini ya maandishi. Viwanja vya mazoezi ya kijeshi usiviwazie. Kingo za Thames ndani ya London nazo zina utaratibu wao: lazima uwe na kibali cha Port of London Authority, mamlaka ya bandari ya huko, hata kama unatafuta kwa macho matupu, na kibali cha kawaida hakikuruhusu kuchimba zaidi ya sentimita 7.5.

Nyongeza ambayo hukuiuliza: fukwe nyingi hapa zilitegwa mabomu au kufanyiwa mazoezi wakati wa Vita vya Pili. Ukifukua kitu chenye umbo la kombora, usikiguse wala usikipige picha kwa karibu. Ondoka, piga 999, uombe Coastguard, walinzi wa pwani.

Niliokota pete ya dhahabu yenye herufi na tarehe ndani. Mume wangu anasema aliyeokota ndiye mwenyewe. Ni kweli? — Mama Wawili, Leicester

Mpe pole shemeji. Kwa sheria ya wizi ya 1968, ukibaki na kitu ambacho mwenyewe angeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida, unaweza kushtakiwa kwa wizi. Na pete yenye herufi na tarehe ni kama ina anwani. Wajulishe polisi wa eneo hilo na halmashauri, weka tangazo kwenye makundi ya mtandaoni ya mji huo, lakini usitaje maandishi ya ndani. Atakayeyataja mwenyewe bila kuona ndiye wako. Ukimpata, dada yangu, utapewa chai na machozi, na pengine keki.

Ruhusa ninayo. Nikipata sarafu au kidani cha kale, ni changu? — Baba Zuhura, Portsmouth

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ruhusa ya kupekua si ruhusa ya kubeba.

England na Wales zina Sheria ya Hazina ya 1996. Kitu kisicho sarafu chenye umri wa zaidi ya miaka 300, na angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha, ni hazina. Sarafu za aina hiyo zinahesabiwa zikiwa mbili au zaidi mahali pamoja. Moja peke yake kwa kawaida haiingii. Tangu Julai 2023 wameongeza vitu vya metali yoyote vyenye zaidi ya miaka 200 ikiwa vina umuhimu wa pekee kihistoria. Unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14 kwa koroneri. Ndiyo, yule yule anayechunguza vifo vya ghafla. Ni kazi waliyorithi tangu enzi za kati na hakuna aliyewapokonya. Kwa vitendo, unampelekea afisa wa Portable Antiquities Scheme (mpango wa kuandikisha vitu vya kale vilivyookotwa na raia) wa eneo lako naye anakusaidia na mengine. Makumbusho wakikitaka, kinathaminiwa na zawadi kwa kawaida hugawanywa kati yako na mwenye ardhi. Wasipokitaka hurudishwa. Ukinyamaza, kuna kifungo cha hadi miezi mitatu.

Lakini wewe uko pwani, na pwani ina mlango wa pili. Kitu kilichotoka kwenye chombo kilichozama au kwenye shehena yake si hazina, ni mali ya ajali ya baharini, hata kiwe cha juzi. Hicho unakiripoti kwa Receiver of Wreck, afisa wa serikali wa mali za ajali za baharini, ndani ya siku 28, na mwenyewe ana mwaka mmoja wa kukidai. Januari 2007 meli MSC Napoli ilikwamishwa karibu na Branscombe, Devon, makontena yakatupwa ufukoni, na watu wakaonekana kwenye televisheni wakisukuma pikipiki mpya za BMW kupanda nazo. Wengi waliamini kilichotemwa na bahari hakina mwenyewe. Usiporipoti, faini hufika pauni 2,500, unapoteza haki yako ya malipo ya uokoaji, na unaweza kudaiwa mara mbili ya thamani ya kitu.

Likizo tunakwenda Belfast, pengine na Edinburgh. Niibebe? — Msomaji

Belfast, iache nyumbani. Ireland ya Kaskazini, kwa agizo la 1995, ni kosa kuchimba ukitafuta vitu vya kale bila leseni. Ukivuka mpaka kuingia Jamhuri ya Ireland, hata kuitumia ditekta kutafutia vitu hivyo kunahitaji idhini ya serikali. Scotland ni nafuu kidogo kwenye kutafuta, ila kila kitu cha kale utakachopata ni cha Taji, yaani cha ufalme, kiwe dhahabu au bati, na lazima ukiripoti.

Mchanga mkavu inafanya kazi vizuri, nikifika kwenye maji inapiga kelele ovyo. Nimeuziwa mbovu? — Kijana wa Temeke tena

Si mbovu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja ya mawimbi huyasoma kama metali. Punguza nguvu ya usikivu, tembeza sahani yake ya kutafutia taratibu kwa kimo kile kile. Ikigoma, utahitaji ya masafa mengi au ya mapigo. Na subiri bamvua: maji yakipwa sana unapata mchanga ambao wenzako hawajaufikia. Tarajia vizibo vya soda.

Desemba nakwenda nyumbani Kilwa. Ufuko wa kijijini kwetu hauna mwenyewe. Nikajaribu? — Mngindo, Birmingham

Hapana, ndugu yangu. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kutafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni, na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa. Kenya, kwa sheria yao ya 2006, mpaka ni 1895, na vya kale vilivyo ardhini ni vya serikali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981.

Hamu yako naielewa. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu tano za masultani wa Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake, akakaa nazo hadi 1979 alipozipeleka zikatambuliwe. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje, kwa sababu hakuna aliyeandika zilikaa kina gani wala pamoja na nini. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984: zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilifukuliwa na wanaakiolojia, wakaandika kila kilichokuwa jirani nazo. Ukitaka kuchimba Kilwa, waulize Idara ya Mambo ya Kale kama kuna timu itakayokuwa kazini Desemba na inahitaji mikono. Ditekta mwachie Kijana wa Temeke, mradi aahidi kuirudisha na betri zake.