Madirisha ya aluminiamu kwenye jengo la umma Mji Mkongwe

Je, jengo la umma la Mji Mkongwe linaweza kubadilishiwa madirisha ya mbao na kuwekewa ya aluminiamu bila kibali? Hapana, kuwa jengo la serikali hakuliondolei wajibu wa kupata kibali: dirisha lolote la jengo la kihistoria la Mji Mkongwe wa Zanzibar, eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, halibadilishwi bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kanuni ya uhifadhi ni kurudisha mbao kwa mbao, kwa umbo na vipimo vilevile.

Sababu si sura ya mtaa peke yake. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hupitisha unyevu na kuutoa tena, kwa hiyo fremu ya aluminiamu ikishindiliwa kwa saruji, unyevu hukwama pembeni mwake na lipu ya chokaa huanza kubanduka. Tena vibao vya mshazari vya dirisha la zamani huingiza upepo huku vikizuia jua na mvua, jambo ambalo kioo cha kuteleza hakiwezi.

Kabla ya kung'oa chochote, fundi seremala achome ubao wa chini wa fremu kwa ncha ya bisibisi, maana hapo ndipo maji ya mvua hutuama na mara nyingi ndipo pekee palipooza. Kipande hicho hukatwa na kuungwa mvule au msaji mkavu, na sehemu nyingine ya dirisha huachwa kama ilivyo. Ila nondo za dirisha zilizopata kutu ndani ya ukuta zitolewe mapema, kwani kutu huvimba na kupasua mawe.