Sanduku la huduma ya kwanza: nini kiwemo, nini kitolewe

*Barua nyingi za toleo hili zinahusu sanduku la huduma ya kwanza, la nyumbani na la kazini. Tumezijibu kwa pamoja.*

Shikamooni. Nina watoto watatu na tunaishi na bibi yao. Dukani nimeona sanduku lililofungashwa tayari, limeandikwa "vipande 100". Ninunue hilo au nikusanye mwenyewe? – Mama, Tanga

Marahaba, mama. Kabla ya kulipa, omba ulifungue. Mara nyingi sehemu kubwa ya hivyo vipande mia ni plasta za kidole na vikaratasi vya spiriti. Gozi utakuta mbili tatu, na mkasi usiokata hata mkono wa shati. Kisu cha jikoni kikiingia kiganjani, plasta haisaidii kitu. Damu inazuiwa na gozi nene na mkono unaokandamiza dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua kuchungulia.

Kusanya mwenyewe. Kwa nyumba ya watu watano au sita, chukua gozi tasa (zisizo na vijidudu) 10 za sentimita 10 kwa 10, kila moja ndani ya pakiti yake. Bandeji za kunyumbulika nne, mbili za sentimita 7.5 na mbili za 10, plasta ya kubandika roli moja, plasta ndogo 20, glavu jozi nne, salaini (maji ya chumvi yaliyotakaswa) ya kusafishia vidonda, mkasi imara wenye ncha butu, kibano, pini sita, kipimajoto na tochi. Salaini nunua chupa ndogo kadiri utakavyozipata, maana ikishafunguliwa haihifadhiwi kwa ajili ya kidonda kingine. Bandeji za pembetatu za kutundikia mkono uliovunjika usizinunue: chukua kanga kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi, kata mraba wa mita moja kwa mita moja, kisha ukate kwa mshazari. Umepata mbili.

Pamba iache. Nyuzi zake hunasa kwenye kidonda, na kuzitoa baadaye ni kumtonesha mgonjwa upya.

Weka pia pakiti sita za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumchanganyia maji anayeharisha, na hapa ndipo pana kosa la hatari. Pakiti hazilingani: ipo inayochanganywa na lita moja ya maji na ipo ya nusu lita. Ya lita moja ukiitia kwenye nusu lita, mtoto anakunywa chumvi maradufu. Soma pakiti ukiwa dukani, andika kiasi cha maji juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na uweke ndani ya sanduku chupa tupu uliyoitia alama ya kipimo hicho. Ukishachanganya, kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Paracetamol ya maji hupimwa kwa uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 hupewa mililita 5 za ile yenye miligramu 120 katika mililita 5, saa sita zipite kabla ya dozi nyingine, na isizidi mara nne kwa siku. Tumia bomba la kupimia, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havina ukubwa mmoja.

Bibi je? Ndani ya mfuniko bandika karatasi yenye majina ya dawa anazotumia kila siku, dawa zinazomdhuru, na namba za simu za zahanati na za dereva anayepatikana usiku.

Kwetu tunaweka spiriti, haidrojeni peroksaidi, na dawa ya meno kwa ajili ya kuungua. Vinatosha? – Msomaji, Kibaha

Vitoe vyote vitatu kwenye sanduku. Spiriti inafaa kupangusia kibano na kipimajoto. Ndani ya kidonda inaunguza nyama iliyo hai, na lile povu la haidrojeni peroksaidi linalofurahisha macho hufanya hivyohivyo. Kidonda huoshwa kwa maji mengi safi yanayotiririka, na sabuni ipite pembeni mwake tu.

Dawa ya meno inafungia joto ndani ya ngozi, kisha muuguzi anapata kazi ya kuikwangua juu ya malengelenge. Aliyeungua avuliwe pete na saa mapema kabla hajavimba, na sehemu iliyoungua imwagiwe maji ya kawaida kwa dakika 20. Kama bomba lenu linatoka kwenye tenki jeusi la juani, mchana yale maji ya kwanza huwa ya moto. Yapime kwa mkono wako kwanza, au chota ya ndoo iliyokaa ndani umwagie kwa kata. Barafu hapana, yai hapana, mafuta hapana.

Nimefungua sanduku baada ya mwaka mmoja: plasta hazigandi, glavu zimeshikana, pakiti za ORS zimekuwa mawe. Niliuziwa vitu vibovu? – Baba, Mtwara

Huenda vilikuwa vizima siku ya kununua. Sanduku lilikaa wapi? Bafuni huharibiwa na mvuke, juu ya jiko na joto, ndani ya gari na vyote viwili pamoja na jua. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo haraka sana. Gundi ya plasta huyeyuka na kuhamia kwenye karatasi yake, na mpira wa glavu huoza ukawa unanata. Mwambao hapo unyevu unamalizia kazi.

Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, liwe chumbani au sebuleni, mbali na dirisha, juu ya kimo cha watoto lakini mtu mzima alifikie bila kupanda kiti. Gozi na bandeji zitie kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Kila baada ya miezi mitatu lifungue. Ipapase pakiti ya ORS: unga ukiwa umeganda, itupe. Vuta glavu moja uone kama inachanika. Pakiti ya gozi iliyolowa au kutoboka si tasa tena hata kama tarehe yake bado. Kipande kilichoandikwa 06/2027 kinatumika hadi siku ya mwisho ya Juni.

Karakana yetu ya useremala na kuchomelea ina watu 14. Sanduku lipo, ila bosi amelifungia ofisini kwa sababu plasta zinaibwa. Sheria inasemaje? – Fundi, Mwanza

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuhusu huduma ya kwanza, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wakaguzi. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007 yenye sharti kama hilo. Ila mwambieni bosi jambo la kawaida tu: siku akiwa benki na ufunguo mfukoni, hana sanduku.

Dawa ya wizi ni lakiri. Funga sanduku kwa kile kikamba cha plastiki cha kubania nyaya, chembamba kiasi cha kukatika kwa kuvutwa, kiwe na karatasi yenye tarehe na sahihi. Anayehitaji anakikata, anaandika kwenye daftari lililoning'inizwa pembeni: tarehe, alichochukua, ameumia wapi. Daftari hilo baada ya miezi michache litawaonyesha ni mashine gani inayowakata watu. Plasta ndogo ziwekeni nje kabisa, kwenye kopo la wazi. Wasizifuate sandukuni.

Kwa kazi zenu, orodha ya nyumbani haitoshi. Kwa watu 14 zidisheni gozi na bandeji mara tatu, ongezeni gozi kubwa nene sita, glavu boksi zima, na chupa mbili za nusu lita za salaini ya kuoshea macho. Cheche ya grenda ikiingia jichoni, osha. Ikiwa imejikita haitoki, acheni kibano! Funikeni jicho kwa kitako cha kikombe cha karatasi, mkibandike bila kugusa jicho, aende hospitali. Kemikali ikiingia, maji yatiririke dakika 20 ndipo safari ianze. Macho yanayowaka usiku baada ya kutazama mwanga wa kuchomelea yanataka daktari, si maziwa wala kipande cha kiazi.

Kwa sababu ya msumeno, wekeni mifuko miwili ya plastiki isiyotumika. Kidole kilichokatika hufungwa kwa gozi iliyoloweshwa kidogo kwa salaini, kikawekwa ndani ya mfuko, mfuko ukafungwa vizuri, kisha ukawekwa ndani ya mfuko wa pili wenye maji na barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaiua, na nafasi ya kukiunganisha inapotea. Na aende nacho mgonjwa mwenyewe. Kisifuate kwa bodaboda nyingine.

Wachagueni angalau wawili wakafundishwe huduma ya kwanza, ili mmoja akiwa likizo mwingine awepo.

Wafanyakazi wananiomba niweke vidonge vya maumivu na antibayotiki kwenye sanduku la ofisi. – Afisa utumishi, Nairobi

Antibayotiki hapana kabisa. Hata vya maumivu viache nje ya sanduku la kazini. Anayetoa kidonge hajui mwenzake ana vidonda vya tumbo, ni mjamzito, au asubuhi amekwisha kunywa dawa ya mafua yenye paracetamol ndani yake. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ni rahisi kukipita bila kujua. Kila mtu abebe vyake.

Babu alituachia jiwe jeusi la nyoka. Nimeliweka sandukuni pamoja na wembe na mpira wa kufungia mguu. – Kijana, Singida

Jiwe haliponyi sumu ya nyoka. Hasara yake kubwa ni muda: familia inakaa ikilingoja linase na kubanduka wakati sumu inasambaa. Wembe unaongeza damu, mpira unaweza kuua mguu. Badala yake weka bandeji za kunyumbulika na vibao viwili vya urefu wa mkono. Aliyeumwa atulie, avuliwe pete, bangili na viatu, kiungo kifungwe kwenye vibao kisicheze, bila kukaza, abebwe hadi hospitali. Asitembee. Kumsaka nyoka kunaongeza majeruhi tu, mweleze daktari rangi na ukubwa inatosha.

Nataka kuchora msalaba mwekundu kwenye sanduku la duka langu. – Mfanyabiashara, Zanzibar

Usichore. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe, pamoja na hilali nyekundu, ni nembo zinazolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na hazitumiki hovyo kwenye mali ya biashara. Alama ya huduma ya kwanza inayotambulika kimataifa ni msalaba mweupe juu ya kijani. Kopo dogo la rangi ya kupaka, ya kijani, linatosha.